Bido la njano kwenye bafu la marumaru

Kila ninapoalikwa kwenye nyumba mpya hapa Bujumbura, iwe Carama, Gihosha au Kinindo, mwenyeji hunipitisha sebuleni upesi na kunipeleka bafuni. Zamani mgeni alionyeshwa makochi na kabati la vyombo. Siku hizi anaonyeshwa bafu. Makaro yanameta kutoka sakafuni hadi darini, kioo kina taa pembezoni, lavabo imekaa juu ya meza kama bakuli la wali wa sikukuu, na dushi pana ya mviringo inaning'inia juu kama sinia. Nasifia, tena nasifia kwa moyo, maana najua kila karo lililobandikwa pale limetoka jasho. Kisha macho yangu huenda nyuma ya mlango. Pale pamesimama bido la njano la lita 20, lile ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita dumu, na juu yake kopo la plastiki limefunikwa kifudifudi.

Bido hilo halikosekani. Nimelikuta katika bafu la mwalimu, la mfanyabiashara na la ofisa mkubwa. Mwenyeji akiona nimeliona, hulisogeza kwa mguu lijifiche nyuma ya pazia na kusema kwa sauti ya chini, "Maji yamekatika tangu juzi, unajua tena."

Najua. Nami naona mambo tumeyapindua. Tunalionea aibu bido, ilhali tungepaswa kuona aibu kupanga bafu kana kwamba bido halipo. Mtu anayetaka kukarabati bafu katika jiji hili aanze na maji yanakotoka, kisha maji yanakokwenda, kisha miguu itakayokanyaga sakafu. Rangi, kioo na makaro ya fahari vije baada ya hapo, kwa fedha itakayobaki. Fedha ikimwishia njiani, imwishie ukutani, isimwishie ardhini. Wengi wetu tumeanza na ukuta. Mimi mwenyewe nilianza na ukuta, na gharama yake aliilipa mama yangu mzazi kwa mkono wake wa kulia.

Nani hubeba maji?

Dukani, kule Jabe au mtaa wa Asiatique, sijawahi kumsikia mnunuzi wa choo akiuliza choo hiki kinakunywa lita ngapi. Huuliza rangi, huuliza kama kifuniko hushuka polepole, huuliza bei ya mwisho. Tufanye hesabu ambayo haifanywi pale. Choo cha kuvuta cha mtindo wa zamani humwaga lita 9 kila mara. Kaya ya watu 7, kila mmoja akivuta mara 4 kwa siku, humaliza lita 252. Hayo ni karibu mabido 13 kwa choo peke yake, kabla hujaoga, hujapika, hujafua. Choo chenye vitufe viwili, cha lita 3 kwa haja ndogo na lita 6 kwa haja kubwa, watu walewale, kila mmoja akivuta kwa haja kubwa mara moja kati ya hizo 4, watakitumia kwa lita 105 tu, sawa na mabido 5 na kidogo. Tofauti ni mabido 7 kila siku ya Mungu.

Maji yanapotoka bombani, mabido hayo 7 ni tarakimu tu kwenye ankara. Maji yakikatika, mabido hayo hupata shingo na mgongo wa mtu. Ni binti wa kazi anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni kwenye bomba la mtaa wa pili. Ni mtoto wa darasa la tano anayefika shuleni na sare iliyolowa upande mmoja. Ni mama mjamzito anayeambiwa na jirani, "Ngoja nikusaidie," na jirani mwenyewe ana mgongo mbovu. Kwa nini basi swali la lita lisiwe la kwanza dukani?

Wenye uwezo hununua tangi la lita 1,000 na kulipandisha juu ya mnara wa chuma au juu ya paa. Ni hatua njema, ila ina masharti yake. Tangi hilo likijaa lina uzito wa tani 1, na kuta za zamani hazikujengwa zibebe tani kichwani. Tena nguvu ya maji hutokana na kimo: kila mita 10 za kimo huleta ba 1 ya msukumo. Tangi likiwa mita 3 juu ya dushi, unapata chini ya theluthi moja ya hapo. Ile dushi pana kama sinia imetengenezwa kwa miji ambayo maji hufika yakiwa na nguvu, na kwa msukumo wa mita 3 itakudondoshea matone machache yasiyotosha kuondoa sabuni masikioni. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi humlaumu mwenye duka, na wakati huo dushi ndogo ya mkono, ambayo ingefanya kazi vizuri kwa msukumo huohuo, imebaki kwenye rafu dukani na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile kubwa. Pampu ingesaidia, lakini pampu hula umeme, na katika mitaa mingi saa ambazo bomba ni kavu taa nayo mara nyingi imezimika.

Kuhusu maji ya moto nitasema machache. Jiji letu liko kando ya ziwa, mita 770 na ushei juu ya bahari, na alasiri maji ya tangi la paani huwa vuguvugu bila mtu kuyawashia chochote. Hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 huvuta zaidi ya ampea 22. Ukiiunganisha na waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa, ukuta uliolowa unakuwa hatari kwa kila anayeugusa. Kama huna waya wa ardhini na kikata umeme kinachomlinda mtu, pasha sufuria jikoni kwa ajili ya kichanga na mzee, changanya kwenye beseni, na fedha ya hita iweke kwenye mabomba.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi Waswahili hatukuwa watu wa kuyaonea aibu maji ya akiba. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa. Miongoni mwa mambo aliyoona yanafaa kuandikwa ni visima vifupi milangoni mwa misikiti, kata ya mbao yenye mpini wa kutekea maji, sakafu iliyotandikwa vizuri kuzunguka kisima, na kipande cha mkeka mnene cha kufutia miguu. Mtu mgeni alitazama mahali pa kunawia akaona ustaarabu. Katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilijengwa kuzunguka birika la maji. Mafundi walipachika bakuli za kaure za Kichina kwenye kitako cha birika, na ndani yake wakaachwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Huo ulikuwa mtindo, tena wa watu wenye nafasi. Maji ya akiba yalikaa katikati ya bafu, yamepambwa, na mtu alichota kwa kata akajimwagia.

Sisi tuliokulia Buyenzi tumeyaona mabaki ya ustaarabu huo: ndoo yenye kifuniko, kata, birika la kutawadhia limekaa juu ya jiwe. Kwa nini tuyafiche? Fundi wa kawaida anaweza kukujengea birika la matofali kwenye kona ya bafu, upana wa sentimita 60 kwa 60 kwa ndani na kimo cha sentimita 80. Litabeba lita 288, mabido 14 na zaidi. Lipige plasta isiyopitisha maji, libandike makaro mazuri kuliko yote uliyonunua, liwekee bomba dogo chini la kutolea maji ya kusuuzia, na mfuniko wa kukaza vizuri, kwa sababu mbu wa Aedes hupenda hasa maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba. Bomba likitoka, birika linajazwa. Bomba likikauka, nyumba inaoga siku mbili tatu bila mtu kukimbia na kichwa chenye sabuni. Mgeni akija, mwonyeshe birika lako kwanza.

Karo la juu na karo la chini

Neno karo limebeba hoja yangu yote. Hapa kwetu karo ni kigae cha sakafuni na ukutani, neno tulilolipata kwenye Kifaransa. Vuka mpaka uende Kigoma, umwambie fundi kwamba unataka kutengeneza karo la bafu: atakachofikiria ni mahali pa kukusanyia maji machafu. Tamko ni moja. Karo la kwetu linang'aa juu ya ardhi, la kwao limefukiwa chini yake.

Muulize mtu aliyemaliza kukarabati bafu, karo lake la juu limetoka wapi. Atakusimulia safari nzima: kiwandani Mkuranga au Chalinze huko Tanzania, au mbali zaidi, China, likapanda meli Kigoma au lori la kupitia Kobero, bei ikabadilika mara mbili kwa sababu dola haipatikani. Muulize sasa karo la chini, lile shimo, liko wapi hasa na lina kina gani. Atanyoosha mkono kuelekea uani, nao mkono hautakuwa na uhakika.

Shimo hilo mara nyingi lilichimbwa na mwenye nyumba aliyetangulia, kwa ajili ya choo kimoja cha kumwagia kopo, lita 2 au 3 kila mara. Leo tunalipelekea vyoo viwili vya kuvuta, dushi, lavabo na mashine ya kufulia. Shimo la namna hii, fosi kwa jina letu, ili lifanye kazi sawasawa linahitaji muda: kizito kituame chini, chepesi kielee juu, maji ya katikati yapite taratibu hadi kwenye shimo la kunywea, lile wanaloliita pui perdi, na udongo uyachuje. Ukimimina maji mengi kuliko uwezo wake, kizito kinasombwa pamoja na chepesi, udongo unaziba, na siku moja bafu lako la marumaru linarudisha kila ulichokipeleka.

Methali yetu inasema mavi ya kale hayanuki. Mwezi wa nne, katika mitaa ya chini karibu na ziwa, maji ya ardhini hupanda hadi kukutana na mashimo, na mavi ya kale hunuka kama ya leo. Aprili 2020 mto Rusizi ulipofurika Gatumba, na tena mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia Kibenga na Kinindo, watu walitembea ndani ya maji yaliyokuwa yamepita kwanza mashimoni. Nyumba zilizoonekana magazetini zilikuwa na makaro mazuri tu.

Upande wa kaskazini, Buterere, jiji lina mtambo wa mabwawa ya kusafishia majitaka, lakini kaya nyingi hazijaunganishwa nao. Zinategemea shimo la uani. Na chini ya yote kuna ziwa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili, yale ambayo REGIDESO huyasafisha na kutuletea, huchotwa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo kinachoingia hukaa humo muda mrefu mno. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulilinda, na mamlaka ya ziwa ina makao yake hapahapa Bujumbura. Mkataba ni jambo jema. Ila mkataba hauwezi kuja uani kwangu kupima kina cha shimo langu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua karo hata moja, fungua shimo. Mwite mtu wa gari la kunyonya alinyonye lote, kisha chungulia na taa: kuta zimesimama? Maji yanapotea au yamesimama? Ukitaka kuongeza dushi, maji ya sabuni yatafutie njia yake, yasiingie kwenye shimo la choo. Bomba la choo liwe la milimita 110, na kila sehemu ya kutolea maji iwe na siphoni yenye maji ya kuzuia harufu, kimo cha sentimita 5 hivi. Siphoni ikikosekana, au ikikauka kwa kutotumiwa, harufu hupanda, na hapo ndipo watu hununua marashi ya kupulizia bafuni, kopo baada ya kopo, mwaka hadi mwaka. Bomba la hewa lipandishwe juu ya paa na lifungwe wavu wa nzi. Na tafadhali, mfuniko wa shimo usiufunike kwa makaro ya uani. Nimeona uwanja mzuri ukivunjwa kwa nyundo siku ya msiba, waombolezaji wamejaa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka mfuniko uko chini ya karo lipi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mkono wa mama

Nyumba yetu iko Ngagara, mtaa uliojengwa na OCAF, shirika la nyumba la wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950, na bafu lake lilikuwa dogo, mita 2 kwa mita 1 na nusu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Lilikuwa limechoka, ila lilikuwa salama. Tulipopata fedha kidogo tukaamua kulifanya jipya. Nilichagua makaro makubwa, sentimita 60 kwa 60, yenye mng'ao wa kujitazamia. Fundi tuliyempata alisifiwa kwa kasi yake, na kweli alimaliza kwa siku nne. Sikumuuliza kuhusu mteremko. Sikujua kama kuna swali hilo.

Wiki ya kwanza niliona maji yakikusanyika kwenye kona, chini ya lavabo. Nilinunua kifutio cha mpira na kumwambia kila mtu afute baada ya kuoga. Watoto walifuta mara tatu, kisha wakasahau.

Mama alikuja kutoka Rumonge kutibiwa macho. Siku ya tano, kabla ya alfajiri, aliamka kutawadha. Umeme haukuwepo. Tulisikia kishindo, kisha kopo likiviringika sakafuni, na kisha kimya ambacho sitakisahau. Mlango wa bafu ulikuwa unafungukia ndani, naye alikuwa ameangukia nyuma yake, hivyo tulipousukuma ulimgusa miguu akalia. Mume wangu alilazimika kung'oa bawaba. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiganja.

Wiki sita alikaa na plasta. Mwanamke aliyetuogesha sisi watoto wake wote sita hakuweza kushika kata. Nilimwogesha mimi, ameketi juu ya kiti cha plastiki, nikimshika bega asiteleze. Siku moja akaniambia taratibu, macho ameyaelekeza ukutani, "Mwanangu, bafu lako ni zuri. Ila mimi naliogopa."

Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, nasi wenyeji tulipona kweli, maana tuligundua kosa letu. Yeye ndiye aliyeumia.

Tangu hapo nimejifunza ninayopenda kila mwenye nyumba ayajue kabla. Sakafu ya bafu inatakiwa ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na mteremko huo hutengenezwa kwenye saruji, kabla ya karo la kwanza. Karo likishabandikwa hakuna dawa isipokuwa kuvunja. Karo kubwa haliwezi kufuata mteremko wa pande nne bila kukatwakatwa, ndiyo maana fundi mwenye haraka huliacha lilale tambarare. Karo dogo linaufuata, na viungo vyake vingi huushika unyayo. Uso wake uwe wa kukwaruza kidogo: lipapase kwa kiganja kilicholowa hapohapo dukani, muuzaji hatakasirika. Mlango ufungukie nje. Ukutani, kando ya choo na kando ya dushi, weka nondo au bomba la chuma la kushikia, lizamishwe ndani ya tofali na lisipigiliwe juu ya karo. Jenga kibaraza kifupi cha kukalia, kimo cha goti. Taa ndogo ya jua yenye betri, hizi zinazouzwa kila soko kuanzia Kamenge hadi kwa Siyoni, ining'inie pale kwa ajili ya alfajiri zisizo na umeme.

Je, haya ni ya wazee tu? Mjamzito wa miezi minane hushika chuma hicho. Mtoto wa miaka minne hukalia kibaraza hicho. Na sisi tunaonunua makaro leo, kama Mungu akitujalia umri, sakafu tunayoitengeneza ndiyo itakayotusubiri.

Mlango wa uani

Kuna bafu jingine ambalo mwenyeji hanionyeshi. Liko nyuma, uani, pembeni mwa vyumba vya wapangaji. Buyenzi, Bwiza, Kinama, Musaga, maelfu ya watu wa jiji hili huishi hivyo: vyumba vimezunguka uwanja mmoja, na kona moja ina choo na mahali pa kuogea kwa kaya nne, tano, hata nane. Nimeona mwenye nyumba akibadilisha bafu la ndani mara mbili kwa miaka mitano, na mlango wa lile la uani bado ni kipande cha bati lililofungwa kwa waya.

Mwanamke huoga pale usiku ili asionekane. Msichana aliyevunja ungo hana ndoano ya kutundika nguo wala mahali pa kuweka sabuni isidondokee kwenye uchafu. Anayeumwa tumbo usiku hupapasa gizani. Wenye nyumba huniambia, "Wapangaji wanaharibu." Sikatai kwamba wapo. Lakini mtu hutunza kile kinachomtunza. Komeo la ndani, ndoano mbili, rafu ya matofali, sakafu yenye mteremko, taa, na bomba la hewa: bei ya ukuta mmoja wa kioo cha dushi, kama zile tunazoziona siku hizi, inatosha kuyafanya yote hayo na chenji ikabaki.

Tena tusijidanganye kwamba ukuta wa uani hutenganisha kitu. Tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na ulianzia kaskazini mwa Bujumbura. Nzi hupita kwa mpangaji asubuhi na kwa mwenye nyumba mchana. Binti anayepika jikoni kwa mwenye nyumba ndiye aliyetumia choo cha uani. Kwa Kiswahili msala ni choo, na msala huohuo ni mkeka wa kuswalia. Warundi wamelichukua neno wakasema umusarani. Wazee walioweka tamko moja kwa mahali pawili pa namna hiyo walijua kwamba mtu hutoka hapa ndipo aende pale, na kwamba usafi wa pale hutegemea usafi wa hapa. Sheria ya jiji ingepaswa kumzuia mtu kupangisha chumba kisicho na choo chenye mlango, maji na mwanga. Hadi hapo, naomba dhamiri ya mwenye nyumba ifanye kazi ya sheria.

Uzuri unaotoka hapa

Simkatazi mtu uzuri. Bafu zuri hutuliza moyo, na mtu aliyeshinda juani sokoni au kwenye foleni ya mafuta anastahili mahali pa kupumua. Ila uzuri wa bafu la Bujumbura tuutafute Bujumbura. Tazama majengo ya zamani ya Rohero, yale yenye kuta za matofali ya matundu. Hewa inapita, mwanga unaingia umekatwakatwa, jirani haoni kitu. Mistari mitatu ya matofali hayo karibu na dari hukausha bafu kuliko feni yoyote, na ukungu mweusi wa kwenye viungo vya makaro hauoti. Ukuta unaorukiwa na maji ubandike makaro hadi mita 2. Uliobaki paka plasta laini na rangi nyeupe ya kuosheka. Tofali la kuchoma lililosuguliwa vizuri, rangi yake ile ya udongo wetu, linapendeza kando ya karo jeupe. Mkeka wa mafunjo mlangoni, unaoanikwa juani kila asubuhi, unafuta miguu kama ule wa Mombasa. Haya yote hayangoji dola.

Siku ya maji

Mwaka huu tulivunja lile bafu. Nilimtafuta fundi mwingine, mzee wa Buyenzi aliyejifunza kazi kwa baba yake. Wiki nzima hakugusa karo. Alichimba, akabadilisha bomba, akafungua shimo, akajenga birika kwenye kona, akageuza mlango, akasawazisha saruji kwa ubao mrefu na uzi, akaiacha ikauke.

Ijumaa asubuhi aliniita. "Mama, niletee bido."

Nililibeba mwenyewe. Watoto walijipanga mlangoni, na mama yangu aliletewa kiti, kwa maana alikuwa amekuja tena kwa daktari wa macho. Mzee aliinamisha bido polepole kwenye ukuta wa mbali. Maji yalitandaa, yakasita kidogo kama yanayotafuta njia, kisha yakaanza kwenda, kwanza ya katikati, halafu ya pembeni, yote kuelekea kwenye tundu. Tulisikia yakishuka. Kwenye kona chini ya lavabo kilibaki kidimbwi cha upana wa kiganja.

Mume wangu akasema ni kidogo, karo litakifunika.

Mzee hakumjibu. Alichuchumaa, akachovya kidole kwenye kile kidimbwi, akamtazama mama yangu na ule mkono wake. Kisha akachukua patasi na nyundo, akaanza kuivunja ile kona.